Kobe wa Abti Dubow

Tulipokaa matanga ya hooyo, mama yetu, katika nyumba ile ile ya mtaa wa Waberi alimotulea, wageni waliingia kwa mafungu: wanawake uani, wanaume chini ya turubai barabarani, chai ikichemka tangu alfajiri. Adhuhuri moja wanaume walikwenda msikitini, na uani zikabaki sufuria na nzi. Ndugu yangu Yussuf, aliyekuja kutoka Nairobi na ambaye siku hizi ndevu zake ni nyeupe kuliko nywele zangu, alirudi mapema akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha mbele. "Habiba," akasema, "Abti Dubow alikufa na nini hasa? Wengine waliniambia njaa, wengine huzuni, hooyo aliniambia Mungu. Mimi mwenyewe nakumbuka kobe tu." Abti ni ndugu wa kiume wa mama, na kwetu yeye naye humwita mpwa wake abti, basi neno hilo huenda na kurudi kati ya watu wawili. Nilifungua kinywa nimjibu Yussuf kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi wangu wa bayolojia kabla sijastaafu, hatua kwa hatua, nikaona kwamba hatua ya kwanza si abti. Ni huyo huyo kobe.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Mvua zilikuwa zimekosa mara moja na zilikuwa karibu kukosa mara ya pili. Abti Dubow alifika kutoka upande wa Kotile juu ya lori la makaa, na fimbo yake, na shuka moja, na bila ng'ombe. Hooyo alimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani na sakafu ya saruji, ambamo tuliweka magunia ya mahindi ya msaada. Chumba kilinuka gunia na vumbi la mahindi. Abti alikaa kwenye mkeka, mgongo kwenye magunia, akitazama mlango. Hooyo alimpelekea anjera na chai asubuhi, wali mchana, na sahani zilirudi zilivyokwenda, isipokuwa chai, ambayo ilikuwa imepungua kidogo. Nikiwa jikoni nilimsikia jirani yetu Kheira, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo mwepesi, akimnong'oneza hooyo, "Ndugu yako bado yuko huko na ng'ombe." Hooyo akajibu, "Ng'ombe wamekwisha, Kheira." "Ndiyo maana nasema yuko huko."

Kobe aliletwa na maji. Wakati huo maji yetu yalitoka mtoni Tana kwa mkokoteni wa punda, katika pipa, na muuza maji alikuwa akiyamimina kwenye tangi letu kupitia kitambaa ili kuchuja majani. Siku hiyo kitambaani kilibaki kitu cheusi, bapa, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya asali. Yussuf alikishika, kikatoa vidole, kikatoa harufu mbaya kama kwapa la beberu, naye akakiacha kianguke huku akipiga yowe. Harufu ile, niwaambie wanaotaka kumfuga, si ugonjwa wala uchafu. Ni woga. Kobe mdogo wa majini hana meno wala mbio. Ana gamba ambalo bado ni laini kama kucha ya mtoto mchanga, na ana harufu. Akishakuzoea haitoi tena. Kheira alisema ni najisi kitupwe barabarani. Hooyo alisema kula ndiyo hairuhusiwi, kutazama hakujakatazwa. Wakiwa katikati ya fatwa hiyo, sauti ikatoka chumba cha mbele, sauti ambayo tulikuwa karibu kuisahau: "Mleteni huyo mtoto hapa."

Alimweka kiganjani akamtazama kama anavyotazamwa ndama aliyezaliwa usiku: macho kwanza, kisha pua, kisha miguu, kisha chini ya mkia. Akampa jina la fahali wake, Madow, yaani Mweusi. Hooyo alisimama mlangoni ameshika mwiko, asitake kusogea, nikaelewa baadaye kwamba alikuwa akiogopa kuivunja sauti ile kwa kelele ya viatu vyake.

Abti alimlea Madow kwa elimu aliyokuwa nayo, na elimu yake ilikuwa ya ng'ombe. Mtu wa ng'ombe anajua kwamba mnyama anayezoeshwa maji kila siku atakuwa wa kwanza kufa kiangazi kikija. Humnywesha leo, humpeleka malishoni mbali, humrudisha kisimani baada ya siku kadhaa, na mnyama hujifunza kukaza moyo. Basi abti alimtoa Madow kwenye karai, akamtembeza uani asubuhi kwenye kivuli cha ukuta, akamfungia jioni ndani ya kiatu cha zamani, na maji akampa kwa zamu. Alimpa vipande vya maini vilivyopakwa chumvi, maana mnyama aliyedhoofika kwetu hutafutiwa chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Madow alichukua maini kinywani, akayashika, akayatema. Macho yake yalivimba yakafumba. Ngozi ya shingo ilianza kupauka. "Ana kiburi," abti alisema. "Fahali huwa na kiburi." Lakini jioni hiyo hata chai hakuigusa.

Nilimweleza mwalimu wetu wa bayolojia, Mwalimu Charo, mtu wa Kilifi, mpole, aliyekuwa na tabia ya kusikiliza huku akifuta chaki vidoleni. Alikuja nyumbani Jumamosi. Nyumbani tulisema Kisomali, na maneno ya watu wetu nimeyaandika hapa kwa Kiswahili, lakini mbele ya mgeni abti alitoa Kiswahili chake cha mnadani. "Mwalimu, hii mnyama nakataa kula. Nibe dawa." Mwalimu akachuchumaa. "Mzee wangu, dawa sina. Kobe wa majini mimi mwenyewe simjui vizuri. Lakini kabla ya dawa tuangalie anafanya nini. Tusiseme kwanza anataka nini." Abti akacheka, kicheko cha kwanza tangu aje. "Sisi watu ya ng'ombe naangalia tu, mwalimu. Kazi ingine hakuna."

Na kweli aliangalia. Ilipita siku mbili tatu, abti akiwa anatawadha uani kwa birika, maji yakatuama kwenye shimo dogo la saruji. Madow alikuwa na kipande cha ini kinywani, amekishika tangu asubuhi kama mtu aliyesahau neno. Akajikokota mpaka kwenye yale maji, akatumbukiza kichwa, na ini likashuka kooni mara moja. Abti aliacha kutawadha, mguu mmoja umelowa na mwingine mkavu, akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Abti! Njoo! Hakukataa kula. Alikuwa hawezi kumeza!" Ndivyo walivyo. Kobe wa majini hana mate ya kulainisha chakula. Maji ndiyo mate yake. Ukimpa nyama nchi kavu utamwona akiishika na kuitema, nawe utasema ana kiburi, au amekukasirikia, au anakufa. Hakuna hata moja. Mrudishe majini, mpe chakula humo, kisha mwache kwa utulivu. Wengi wamekosea hapo, na si vibaya kukosea hapo, mradi uwe bado unaangalia.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kama chakula kizuri katika mwaka wa njaa. Karai lilirudishwa maji, tukaweka tofali ndani ili apande juu. Mara ya kwanza alipopanda, Yussuf alikuja mbio jikoni analia kwamba Madow amekufa, kwa kuwa alikuwa amelala juani, shingo imenyooshwa, miguu ya nyuma imetupwa nyuma kama nguo zilizoanikwa, macho yamefumbwa. Abti alimtazama kwa muda. "Hajafa. Anaota jua." Damu ya kobe haina moto wake yenyewe, tumbo lake haliwezi kusaga chakula mpaka jua lilipashe. Kwa hiyo asubuhi hulala hivyo, kisha hula, kisha hurudi juani. Akipiga mbio ukutani mwa karai anapokuona, hakupendi bado. Amejifunza kwamba kivuli chako huja na maini. Akipiga miayo mara moja moja, mwache. Akipiga miayo kutwa na kuelea upande mmoja, mpashe joto haraka. Abti alivumbua mengi ya hayo kabla sijayakuta katika kitabu chochote, na kila alichovumbua alikisema kwa sauti, na kusema kulimfungua koo. Alikula alipokula Madow. Hooyo alikuwa akirudi kutoka sokoni kuuza maziwa, na kabla ya salamu anauliza, "Amekula?" nami namuuliza, "Nani, ndugu yako au kobe?" naye ananipiga begani kwa kanga yake huku akicheka. Kheira akipita dirishani hupaza sauti: "Dubow! Ng'ombe wako amekamuliwa leo?" "Bado, ndama hajaachiwa!"

Jioni, mahindi ya msaada yakichemka na maharagwe yasiyotaka kuiva, alitusimulia jinsi ng'ombe wake walivyokwisha. Hakusimulia kwa machozi. Alieleza, kama mimi ninavyoeleza. Ng'ombe wa kiangazi hafi amesimama, alisema. Hulala. Asubuhi watu hukusanyika, mmoja pembeni, mmoja mkiani, wengine chini ya tumbo, humwinua. Akisimama hutembea, hutafuta jani, huishi siku hiyo. Kesho analala tena, nanyi mnamwinua tena. "Na mkichoka kumwinua?" Yussuf aliuliza. Abti alimpa kipande cha nyama kilichokuwa sahanini mwake. "Tulikuwa wengi mwanzoni," akasema.

Kisha mvua za masika zikakosa. Mto uliteremka mpaka ukaonekana mgongo wa mchanga katikati, muuza maji akawa anakuja kwa nadra, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Karai la Madow tulilipunguzia mpaka yakabaki ya kufika magotini mwake. Hapo tabia yake ikageuka. Aliacha kula. Aliacha tofali lake na jua lake. Kutwa alikwaruza upande mmoja wa karai, akasukuma kichwa chini ya tofali, akarudi akakwaruza, na sauti ya kucha zake kwenye bati ilikuwa ikitufuata hadi kwenye swala. Yussuf alisema anataka kutoroka. Mimi nilisema ni mgonjwa. Hooyo alisema ni joto, na kwamba sote tunataka kutoka karaini. Abti alikaa naye asubuhi nzima akimtazama, kisha akasimama akatafuta jembe.

"Anatafuta tope," alisema. "Nimewaona hawa Kotile, kwenye silanga, yale mabwawa ya mvua, tulipokuwa tukinywesha. Maji yakipungua huingia chini. Silanga hukauka, ardhi hupasuka, ng'ombe hupita juu yao. Ukichimba kutafuta maji unamkuta mmoja, mkavu kama jiwe. Hali, hanywi, na hafi. Anasubiri mvua." Tulimchimbia chini ya ukuta, mahali tangi lilipokuwa likidondosha, tukajaza tope alilolileta muuza maji kutoka ukingoni. Abti alimweka juu tu. Madow alisimama kidogo, akajaribu kwa mguu mmoja, kisha akajisukuma mwenyewe kwa mwendo wa kujua, mpaka tope likamfunika na povu dogo likapasuka mahali pua yake ilipokuwa. Tulishangilia. Ilikuwa ni furaha ya kuelewa, na sijui furaha iliyo safi kuliko hiyo. Abti alikuwa amemsoma mnyama kwa ajili ya mnyama mwenyewe, bila chumvi, bila fahali.

Ilikuwa muda si mrefu baada ya hapo jamaa mmoja alipopita kutoka Kotile. Abti alikuwa amemwachia binamu yake huko mtamba mmoja, wa mwisho, ambaye hakuwahi kututajia. Jamaa alikunywa chai, akauliza hali, akajibiwa, akasema, "Yule mtamba naye amelala." Abti alisema, "Alhamdulillahi." Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, kama inavyopasa. Kisha akaingia chumba cha mbele akalala, uso ukutani.

Siku za kwanza tulimwacha apumzike. Sahani zikaanza kurudi zilivyokwenda. Hooyo alimwita, alimsihi, alimkasirikia. Nilipoingia na chai aligeuza kichwa akanitazama kwa upole kabisa, macho yake hayakuwa ya mgonjwa. "Abti, umemwona Madow? Kuna mtu anayemwamsha?" "Hapana, abti." "Basi. Mvua ikinyesha nitaamka." Nilirudi jikoni nikayarudia maneno hayo, na nikaona uso wa hooyo ukilegea, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje. Mtu huyu alikuwa amesema kobe anaota jua, na alikuwa anaota jua. Alikuwa amesema anatafuta tope, na alikuwa anatafuta tope. Sasa alikuwa amesema anasubiri. Nyumba nzima iliamini. Maneno hayo yalitoka kwetu yakaenda mtaani, na watu wakaja kusalimu wakanong'ona wakiwa mlangoni, "Dubow anasubiri mvua," kama wanavyosema fulani amefunga. Wazee walitazama mawingu wakasema haitachelewa. Hata Kheira, aliyesema mwanzoni apelekwe hospitali, aliacha kusema, akawa anapita dirishani polepole.

Mwalimu Charo ndiye aliyekuja akasimama mlangoni na hakunong'ona. Alitazama vifundo vya miguu ya abti, alitazama mashavu, akatoka uani. "Mama, huyu anahitaji daktari. Leo." Hooyo alikuwa akipepeta mchele. "Mwalimu," akamwambia, bila ubaya, "wewe ndiye uliyesema tuangalie kwanza, tusiseme anataka nini. Tumeangalia. Na yeye mwenyewe amesema." Mwalimu alikaa kimya. Nimekuwa mwalimu miaka mingi baada yake, na najua kimya kile. Ni cha mtu aliyesikia somo lake likisomwa vibaya na mwanafunzi ampendaye. Akasema atarudi kesho na gari la shule. Alirudi nalo, baada ya alasiri. Tulilitumia kumpeleka abti makaburini.

Yote haya nilimweleza Yussuf kizingitini, na turubai nje lilikuwa likipigwa na upepo. Nilimweleza kile ambacho hooyo hakuweza kukijua. Kobe anayeingia topeni amejiandaa: ana mafuta mwilini, na akishafunikwa moyo wake hupiga kwa nadra, pumzi yake hupungua, kila kitu ndani yake hujibana mpaka kiasi kidogo kimtoshe muda mrefu. Mtu anayelala uso ukutani hapunguzi kitu. Anawaka vile vile, na anachowasha ni nyama yake mwenyewe. Abti alimsoma kobe kwa elimu ya ng'ombe akakaribia kumuua, akajirekebisha. Sisi tulimsoma abti kwa elimu ya kobe. Yussuf alisikiliza akikwaruza kizingiti kwa ukucha. "Ng'ombe akilala mnamwinua," akasema mwishoni. "Alituambia. Mmoja pembeni, mmoja mkiani." Nikamwambia ndiyo, alituambia. Wanaume wakarudi kutoka msikitini, na tukainuka kuwapa chai.

Hakuniuliza kuhusu siku ya mvua, labda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo. Ilikuja wiki chache baada ya maziko, mchana, bila ngurumo. Watoto wa Waberi walitoka uchi barabarani. Hooyo alikuwa chumba cha mbele, akizungusha magunia ili afagie chini yake, na mimi nilikuwa nikikinga maji kwa kila chombo tulichokuwa nacho. Yussuf akapiga kelele kutoka ukutani. Tope lilikuwa limevimba mahali pamoja, kisha likapasuka, na zikatoka tundu mbili za pua, kisha kichwa, kisha Madow mzima, amekonda, gamba limejaa udongo, akasimama akiyumba kwenye mvua na kunyoosha shingo ndefu kuliko nilivyopata kuiona. Kheira alikuwa ameingia kujikinga. "Mashallah! Mashallah, amerudi!" akasema, akapiga makofi, kisha akajishika mdomo.

Hooyo alitoka na ufagio mkononi. Alichuchumaa mbele ya kobe, mvua ikimpiga mgongoni, akamtazama mpaka nguo zake zikawa nzito kwa maji. Madow alimpita kando ya mguu akielekea dimbwini. Hooyo akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkubwa wake, "Wewe kweli ulikuwa unasubiri." Kisha akainuka, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango kwa ndani.